Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kivuli Katika Mashamba ya Tangawizi

Ndugu wanachama,

Hesabu, ada na uuzaji vimo katika taarifa za mhazini na katibu, nami sitavirudia, isipokuwa hili moja: msimamo wa chama kuhusu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, haujabadilika, tangawizi iuzwe kwa mizani. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo lililojadiliwa na kamati kuliko lolote mwaka huu, nalo ni kivuli.

Huku kwetu milimani Same, shamba la tangawizi lisilo na mti ni nadra. Pana migrevilea mpakani, migomba kando ya mfereji, mbaazi au mahindi katikati. Imezoeleka kusemwa kwamba tangawizi ni zao la kivulini na kwamba kivuli kikizidi hakidhuru. La kwanza lina ukweli wake. La pili linatupunguzia mavuno.

Tangawizi changa ikipigwa na jua kali mchana kutwa huungua ncha za majani, majani hujikunja na kupauka, na ugonjwa wa madoa ya majani huongezeka. Udongo nao hupata joto na kukauka upesi, machipukizi yakadumaa. Kivuli cha robo hadi theluthi moja hupunguza sana madhara hayo. Kikikaribia nusu, hasara huanza. Kikipita hapo, mmea hurefuka, majani hupanuka na kukolea kijani, shamba likapendeza kwa macho huku ardhini hakuna cha maana. Sababu ni kwamba kila chipukizi linaloonekana juu limesimama kwenye kidole cha tunguu kilichoko chini, yaani tangawizi yenyewe tunayovuna. Mmea ulio gizani hutumia chakula chake kurefusha shina kuufuata mwanga, hivyo machipukizi huwa machache, vidole huwa vichache na vyembamba. Kwa hiyo msilipime shamba kwa rangi ya majani. Hesabuni machipukizi ya kila shina, mlinganishe mashina ya chini ya mti na yale ya palipo wazi.

Kivuli chenyewe kinapimika bila chombo cha kununua. Tengeneza fremu ya mbao ya mita 1 kwa mita 1, funga kamba kila sentimita 10 pande zote mbili, utapata visanduku 100. Siku ya jua, ilaze chini saa nne, saa sita na saa nane, katika sehemu tano za shamba. Hesabu visanduku vilivyofunikwa na kivuli zaidi ya nusu yake, kisha tafuta wastani. Jibu ndiyo asilimia ya kivuli chako. Kati ya 25 na 35, acha kama kilivyo. Ikifika 50, panga litoke ghalani.

Sasa suala la wakati, ambalo naliona kubwa kuliko yote. Kivuli kinachofaa mwezi wa tatu tangu kupanda hakifai mwezi wa sita. Anayepanda na mvua za vuli, mimea yake hukutana na jua la Januari na Februari ikiwa bado inachipua, na hapo kivuli ni msaada mkubwa. Masika yakiingia, mawingu na ukungu wa mlimani tayari vimeshapunguza mwanga, na ndipo tunguu linapojaza. Ukiuacha mwavuli wa miti vilevile, unalinyima chakula katika miezi ile ile linapokihitaji. Kupogoa kufanyike mwishoni mwa Februari, kabla ya mvua. Anayepanda masika anahitaji kivuli pungufu mwanzoni, kwa kuwa Juni hadi Agosti kwetu ni baridi; mstari mmoja wa mahindi kwa kila matuta matatu unatosha, na mabua yakatwe mara tu mahindi yakivunwa.

Katika kupogoa mgrevilea, ondoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu wa mti. Anza kukata kwa chini ya tawi kidogo, kisha maliza kutoka juu, ili gome lisichanike. Usiache kisiki kirefu, wala usikate hadi ndani ya shina. Migomba ipunguzwe machipukizi, na tangawizi ikae angalau mita 2 kutoka shinani, kwani mgomba unanyonya maji na potasiamu nyingi. Mparachichi mkubwa una kivuli kizito mwaka mzima. Chini yake tafuteni zao lingine. Mikaratusi isiwe karibu kabisa, kosa lake si kivuli bali kiu.

Majani yaliyopogolewa yasichomwe. Ni matandazo. Ekari moja huhitaji tani 4 hadi 5 wakati wa kupanda, na takribani tani 2 kila mara, baada ya siku 40 na siku 90, pamoja na kupandishia udongo. Mwenye shamba la wazi lenye matandazo mazito na maji ya mfereji ya uhakika asikimbilie kupanda miti. Jua si adui yake.

Onyo la mwisho ni unyevu. Penye kivuli kizito udongo hukauka polepole, na tunguu huoza kuanzia shingo ya shina, hasa matuta yakiwa mafupi. Inueni matuta sentimita 25 hadi 30 na mfungue mifereji ya kutolea maji. Mmea ukinyauka ungali kijani, kata shina, ning'iniza kipande katika glasi ya maji safi: ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko wa bakteria, na hakuna kupogoa kutakakouponya. Ng'oa shina zima, toa nje ya shamba, na usichukue mbegu hapo.

Kamati inapendekeza mkutano uidhinishe ununuzi wa misumeno ya kupogolea itakayoazimwa kwa zamu, kila kitongoji kwa wiki yake, kuanzia katikati ya Februari. Fremu moja ya kupimia itakaa kwa kila kiongozi wa kundi.

Mwenyekiti