Dada wa khanga ya kijani, asante

Mama alianza kulalamika ganzi miguuni. Miezi minne tulimeza dawa za maumivu na kuambiwa ni uzee, hadi asubuhi aliposhindwa kunyanyuka kitandani. Kipimo cha MRI kikaonyesha meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando wa uti wa mgongo. Mara nyingi si saratani, ila hukandamiza neva. Tukapelekwa MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili.

Ndipo nikakutana nawe, dada, ukimuuguza mama mkwe wako kitanda cha jirani. Uliniona namgeuza mama kwa kumvuta bega. Ukaweka chini chupa ya uji, ukaja. "Usimpinde mgongo, mdogo wangu. Mabega na nyonga viende pamoja, kama gogo." Ulinionyesha mara tatu, kisha ukanitegeshea simu ilie kila baada ya saa mbili. Mama hakupata kidonda cha kulalia hata kimoja.

Damu ilipohitajika ulimpigia shemeji yako, akaja kutoka Mbagala kuchangia. (Nauli niliyompa aliikataa.) Siku madaktari walipofungua mfupa wa nyuma kuutoa uvimbe, ulikaa nami kwenye benchi kwa muda wa saa tano, tukimenya karanga, bila maneno mengi.

Wiki ya tatu mama alitikisa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nilikimbia kukuambia, kumbe mmesharuhusiwa. Namba yako sikuwa nimechukua, uzembe wangu.

Mnaouguza wodini, mtupieni jicho na mgonjwa wa kitanda cha pili. Mama sasa anajikongoja hadi chooni kwa fremu, na bado ananiuliza yule dada yuko wapi.