Leavitt hapimwi kwa wingi wa pepa

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo kuhusu ile makala yenu ya wanaastronomia waliobadilisha sayansi. Imeandikwa vizuri sikatai, Edwin Hubble kapewa nafasi kubwa na anastahili, ila Henrietta Leavitt kaambulia nusu sentensi, katajwa kama msaidizi tu basi, halafu mwandishi anasema majina kayapanga kwa kuangalia nani ana machapisho mengi na nani ananukuliwa zaidi. Hapo ndo nimeshindwa kukaa kimya.

Hii h-indeksi wanayoitumia, yaani namba ya kumpima mtafiti kwa machapisho na kunukuliwa kwake, imeletwa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch na hesabu yake iko hivi, ukiwa na pepa 20, yaani makala za kisayansi, ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20 basi namba yako ni 20. Sasa unamshikaje kwa rula hiyo mtu aliyefariki 1921, ambaye pepa yake kubwa kuliko zote ina kurasa tatu na aliyesaini chini ni bosi wake, Edward Pickering? Mstari wa kwanza tu ndo unasema kwamba taarifa imeandaliwa na Miss Leavitt.

Leavitt alikuwa kwenye kile kikosi cha wanawake wa kituo cha nyota cha Harvard walioitwa kompyuta, maana enzi hizo kompyuta ni mtu anayepiga hesabu siyo mashine, na malipo yake yalikuwa senti 30 kwa saa. Kazi yake ilikuwa mezani. Picha za anga zilipigwa kule Arequipa, Peru, kwenye vioo, zikasafirishwa mpaka Massachusetts iliko Harvard, na kwenye kioo kila kitu kimegeuka, anga ni jeupe nyota ni vidoti vyeusi. Ili unase nyota inayobadilika mng'ao unachukua kioo cha usiku mmoja kilichogeuzwa ili nyota ziwe nyeupe, unakilaza juu ya kioo cha usiku mwingine chenye vidoti vyeusi, unasogeza taratibu mpaka vifunikane, kisha unachungulia kwa lenzi. Nyota iliyotulia inafunikwa yote. Ile iliyobadilika inabakiza kiduara chembamba pembeni, na hicho kiduara ndo unachokitafuta, kidoti kwa kidoti, siku nzima, miaka na miaka. Alipata nyota badilifu kama 2,400 hivi. Jamani huyo ni msaidizi?

Mwaka 1908 alitoa orodha ya nyota badilifu 1,777 za Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani na yetu, na humo humo akagusia jambo, kwamba katika nyota 16 alizokuwa ameshapata vipindi vyake, zenye mng'ao mkubwa zinachukua muda mrefu zaidi kuwaka, kufifia na kuwaka tena. Mwaka 1912 akarudi na nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan na jambo likawa wazi kabisa. Uzuri wa akili yake uko hapa, na makala yenu imepaacha: nyota zote zile ziko kwenye wingu moja la mbali, kwa hiyo umbali wake kutoka kwetu ni kama ule ule, kama taa za mji ulioko ng'ambo ya ziwa, ukiona moja inawaka kuliko nyingine ujue kweli ina nguvu zaidi, siyo kwamba iko karibu. Basi ukishajua kipindi cha nyota unajua nguvu yake halisi, ukilinganisha na mng'ao unaouona unapata umbali. Kabla ya hapo ukitoka mbali kidogo na Jua hakukuwa na njia ya uhakika ya kupima.

Kilichofuata mnakijua. Mwanaastronomia Hertzsprung akakokotoa umbali kwa njia hiyo 1913, mwenzake Shapley akapima ukubwa wa galaksi yetu, na Oktoba 1923 Hubble akakuta nyota ya aina hiyo hiyo, sefeidi, ndani ya Andromeda, akafuta ile N (ya nova, nyota inayolipuka ghafla) aliyokuwa ameandika kwenye kioo akaweka VAR! (yaani nyota badilifu) kwa wino, na hapo ndo ikajulikana Andromeda ni galaksi nyingine kabisa. Bila kanuni ya Leavitt ile VAR! isingempa Hubble umbali wowote. Mpaka leo wengi wanaopima kasi ya kupanuka kwa ulimwengu wanaanzia kwenye sefeidi, na wengi hawanukuu pepa ya 1912 kwa sababu imeshakuwa kitu cha darasani, nani ananukuu jedwali la kuzidisha? Mchango ukishakuwa msingi wa wote unapotea kwenye hesabu ya kunukuliwa, ndo tatizo langu na kipimo chenu.

Mwaka 1925 mwanahisabati Mittag-Leffler wa Sweden alimwandikia barua Leavitt akitaka kumpendekeza kwa Nobel. Leavitt alikuwa ameshafariki kwa saratani, Desemba 1921, na tuzo ile wafu hawapendekezwi.

Ombi langu ni moja. Kwenye toleo lijalo chapisheni ule mchoro wake wa 1912, ni mdogo hauli nafasi, vidoti vya nyota 25 na mistari miwili iliyonyooka, mmoja wa nyota zikiwa kwenye kilele cha mng'ao na mwingine zikiwa zimefifia kabisa, na chini yake andikeni jina lake kamili, Henrietta Swan Leavitt, mwanaastronomia.

Msomaji wenu