Kwa vijana wa kijiwe cha Ngamiani: kiti si mkeka

Wanangu, asalaam aleikum.

Juzi nilipita hapo kijiweni kununua kashata nikamsikia mwenzenu anayeutaka ubunge akisema, "Nikishapata kiti, chama kikinizingua nahama nacho." Mkampigia makofi. Nilijifanya natafuta chenji mfukoni, maana mzee akijibu papo hapo huambiwa ana hasira. Sasa nimetulia.

Kiti hakikunjwi kama mkeka ukatiwa kwapani. Ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania iko wazi: mbunge akiacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni, na ubunge wake umekwisha. Siku hiyohiyo ni raia kama mimi. Kugombea bila chama nako hakupo. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alipigania mahakamani haki ya mgombea binafsi tangu miaka ya 1990, Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, na tangu hapo chaguzi kuu tatu zimepita bila mgombea binafsi hata mmoja. Kwa hiyo anayetoka nyumba hii lazima apange nyingine, tena haraka.

Sisemi kuhama ni haramu. Maalim Seif, yule mwanasiasa wa Zanzibar, alipotoka chama cha CUF kwenda ACT-Wazalendo, Machi 2019, mgogoro wa uongozi ndani ya CUF ulikuwa umeshazunguka mahakamani miaka, kila mtu anaujua. "Shusha tanga, pandisha tanga," wakaimba wafuasi wake (sisi wa Tanga tukacheka kidogo). Kinondoni nako, Mtulia aliyeshinda kwa CUF 2015 alijiuzulu Desemba 2017, akaingia CCM, na Februari 2018 akakipata kiti kilekile. Watu wakapanga foleni upya kumchagua mtu yuleyule, bendera nyingine.

Mimi mwenyewe nilihama mwaka 1995, Mrema, aliyekuwa waziri, alipotoka CCM kwenda upinzani. Sijuti. Kinachoniuma ni cha baadaye. Kulikuwa na mgombea wa mtaani kwetu, simtaji, tuliyembebea viti na mama watoto akampikia pilau sufuria mbili. Siku moja niko kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, redio ikatangaza kuwa amepokelewa upande wa pili. Kinyozi alishusha mashine, akanitazama kwenye kioo. Nusu iliyobaki aliimaliza bila kusema neno, na hela hakutaka.

Aliyempikia pilau bado ananikumbusha zile sufuria.

Basi mwenzenu msimuulize kama atahama. Hilo hata yeye halijui. Muulizeni tutalisikia wapi kwanza, hapa benchi au redioni. Muulizeni pia sababu gani itamtosha kukiacha kiti, maana atakiacha. Akijibu kwa mzaha, makofi yenu yawekeni.

Ijumaa baada ya isha nitakuwepo. Mwambieni aje, kahawa nalipa mimi.

Mzee wenu wa Barabara ya Nane