Rangi za Kope za Kila Siku: Barua kwa Rafiki

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana, na ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na wote walio nyumbani. Mimi sijambo. Uliniomba nikueleze ni rangi zipi za kope zinazofaa kupakwa kila siku, kazini na katika shughuli za kawaida, bila mtu kuonekana amejipamba kwa ajili ya hafla ya usiku. Ombi lako limenifurahisha mno, kwa sababu nimekuwa nikizijaribu rangi hizi kwa muda mrefu na kwa makini, na ninaamini kwamba mtu akishaelewa zinavyofanya kazi juu ya ngozi yake mwenyewe, hatanunua tena paleti kubwa ambayo sehemu kubwa ya rangi zake hazitaguswa kamwe.

Kabla ya kuzitaja, nikueleze namna ninavyozijaribu, maana hukumu ya rangi hutegemea sana mahali ilipotazamwa. Rangi iliyomo ndani ya kisahani chake ni jambo moja, na rangi iliyokaa juu ya kope kuanzia asubuhi hadi jioni ni jambo jingine kabisa. Kuipaka mgongoni mwa mkono, kama wengi tunavyofanya tunapochagua, hakutoshi: ngozi ya hapo ni nene kuliko ya kope, haikunjuki na kukunjika kila baada ya sekunde chache, wala haikusanyi mafuta kama kope zinavyoyakusanya. Kwa hiyo hupaka jicho moja rangi ninayoichunguza, na jicho la pili nikalipaka rangi ninayotaka kuilinganisha nayo, kisha nikasogea dirishani na kioo cha mkononi. Mwanga ni shahidi muhimu hapa. Balbu ya kizamani ina joto la rangi, yaani kipimo cha unjano au usamawati wa mwanga, la Kelvini 2,700 hivi, na mwanga wake una unjano mwingi unaoifanya karibu kila rangi ionekane ya kupendeza. Mwanga wa mchana hukaribia Kelvini 5,500 au hata kuzidi, na hapo ndipo ukijivu uliofichwa na balbu hujitokeza.

Ukijivu huo ndio tatizo kubwa kuliko yote kwa sisi wenye ngozi ya maji ya kunde na kwa wenzetu walio weusi zaidi, na chanzo chake kimo katika viambato. Ukigeuza kisanduku ukasoma maandishi ya nyuma, utaona kwamba takribani rangi zote za kila siku zimeundwa kwa vitu vichache vilevile. Talki au maika, ambayo ni madini laini yaliyosagwa, ndiyo mwili wa poda. Oksidi za chuma ndizo zinazotoa wekundu, unjano na weusi, na huandikwa kwa namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499; CI ni orodha ya kimataifa ya namba za kutambulisha rangi. Titani dioksidi, yenye namba CI 77891, ndiyo inayotoa weupe. Kahawia zote unazoziona, kuanzia ile iliyofifia hadi ile iliyokolea, kwa kawaida ni mchanganyiko wa hizo oksidi tatu za chuma kwa vipimo tofauti, pamoja na weupe wa kuipunguza makali. Weupe ukizidi, rangi ambayo ndani ya kisahani ni kahawia nzuri hugeuka ya kijivujivu mara inaposambazwa juu ya ngozi nyeusi. Ili kuigundua, paka kiasi kidogo sana, kisha isambaze ukingoni kwa brashi safi mpaka ikaribie kupotea, uutazame ukingo huo peke yake. Rangi njema hufifia ikiingia katika ngozi; rangi yenye weupe mwingi huacha utando mwepesi wa jivu pale inapoishia. Mimi hutazama ukingo kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Sasa nianze na rangi ambayo ningeibakiza kama ningeambiwa nichague moja tu. Ni kahawia ya kati isiyong'aa, yenye kukolea kidogo kuliko ngozi yako, na yenye wekundu au unjano kwa ndani kulingana na ngozi yako ilivyo. Wengi huiona haina mvuto, nao huipita wakikimbilia zinazometameta, lakini hii ndiyo inayolipa jicho umbo. Itazame mbele ya kioo ukiwa umefumbua macho kama kawaida, wala usiipake ukiwa umeyafumba, kwa sababu watu wanaokuona hukuona ukiwa umeyafumbua. Iweke kwenye mkunjo wa kope, kisha ipandishe kidogo juu ya mkunjo wenyewe kwa brashi laini yenye nywele ndefu, ukiishika mwishoni mwa mpini ili mkono usikandamize. Kama ngozi ya chini ya nyusi huangukia kope na kuufunika mkunjo, basi usiufuate mkunjo hata kidogo. Paka juu yake, pale ambapo rangi itaonekana jicho likiwa wazi. Nimeijaribu kahawia ya aina hii bila kitu kingine ila maskara, na inatosha kabisa kwa siku nzima ya kazi.

Rangi nyepesi ya kuweka chini ya hiyo kahawia haihitaji maneno mengi. Chagua inayokaribiana sana na ngozi yako, yenye wepesi kidogo tu kuliko hiyo ngozi. Ile nyeupe au ya maziwa inayokuja katika karibu kila paleti siipendekezi kwa matumizi ya kila siku, kwani hutenganisha kope na uso mzima.

Kuhusu shaba, bronzi na dhahabu nina mengi ya kusema, kwa sababu hizi ndizo ninazozipenda kwa moyo wote na ndizo zinazoikubali ngozi nyeusi kuliko rangi nyingine zozote zenye mng'ao. Mng'ao wake hutoka katika chembe bapa za maika zilizovikwa tabaka jembamba la titani dioksidi au oksidi ya chuma. Zikilazwa vizuri juu ya ngozi, hurudisha mwanga kama vioo vidogo vilivyopangwa pamoja. Unene wa tabaka hilo hubadilisha rangi inayorudishwa, na ndiyo maana poda mbili zenye viambato vilevile huweza kutoa moja dhahabu na nyingine samawati. Jambo la maana kwako ni kwamba chembe hizo zinahitaji kulazwa, si kusuguliwa. Brashi laini huzitawanya zikadondokea mashavuni. Ncha ya kidole huzigandamiza zikalala. Gusa kisahani kwa kidole cha pete, ambacho hakina nguvu nyingi, kisha bonyeza katikati ya kope mara kadhaa bila kuburuta. Utaona rangi ileile iliyokuwa hafifu kwenye brashi ikijaa na kung'aa vizuri. Ukitaka ikolee zaidi, lowesha brashi bapa kwa maji kidogo sana, ila ujue kwamba kwa siku ya kazi hilo mara nyingi huzidi.

Kati ya hizo tatu, bronzi ndiyo naiweka mbele. Shaba ina wekundu mwingi, na juu ya kope ambazo tayari zina weusi wa asili huleta joto zuri, lakini ikipakwa hadi chini ya jicho huchosha uso. Dhahabu ya njano hasa hupendeza jioni. Mchana hutaka mkono mwepesi. Bronzi yenye kahawia nyingi na mng'ao mdogo hukaa katikati ya hizo mbili, na hata ikipakwa haraka haraka bado hutazamika. Zile zenye chembe kubwa za gilita ziache kabisa kwa siku za kawaida, hasa kwa mtu anayevaa lenzi za macho, maana chembe ikiingia chini ya lenzi huweza kulikwaruza jicho.

Uliniuliza pia kuhusu damu ya mzee. Ni rangi ninayoiheshimu, na juu ya ngozi yako itapendeza sana, lakini inahitaji kutengwa na jicho lenyewe. Wekundu ukigusana na weupe wa jicho huvuta macho kwenye mishipa midogo myekundu, na mtu akaonekana amelia au hakulala. Chora kwanza mstari wa wanja mweusi au wa kahawia iliyokolea kwenye mzizi wa nywele za kope, halafu damu ya mzee ianzie juu ya mstari huo. Tatizo huisha hapo hapo. Katika rangi za jamii hii, pamoja na waridi kali na zambarau kali, soma kisanduku kwa uangalifu zaidi. Kuna rangi za viwandani zinazoruhusiwa kwenye midomo au mashavu lakini haziruhusiwi karibu na macho kwa sheria za Marekani, na baadhi ya paleti zinazouzwa huko huwa na onyo kwamba rangi fulani zisipakwe machoni. Baadhi pia huacha madoa juu ya kope hata baada ya kunawa. Ikiwa wekundu umetokana na kamini, yenye namba CI 75470, fahamu kwamba hiyo hutengenezwa kutokana na wadudu wadogo, jambo ambalo baadhi ya watu hupenda kulijua mapema.

Samawati iliyokolea, ile inayokaribia nyeusi, imenishangaza kwa uzuri wake. Kahawia ya macho yetu kimsingi ni jamii ya rangi ya machungwa iliyokolezwa giza, na katika duara la rangi samawati hukaa upande wa pili wa machungwa. Rangi mbili zinazotazamana hivyo kila moja huitokeza nyingine. Itumie kama mstari mwembamba tu mahali pa wanja mweusi, na macho yako yataonekana kahawia kuliko yalivyozoeleka. Zambarau iliyokolea hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Kijivu sikuridhika nacho hata kidogo juu ya ngozi yenye joto, na nyeusi ninaiacha kwa ajili ya mstari peke yake.

Kwa kuwa unavaa miwani ya kukusaidia kuona mbali, kumbuka kwamba vioo vyake huyafanya macho yaonekane madogo kidogo. Hivyo usizungushe rangi nzito pande zote za jicho. Weka bronzi katikati ya kope na uache kona ya ndani bila giza. Mwenye miwani ya kusomea hukabiliwa na hali ya kinyume, kwani vioo vyake hukuza macho pamoja na kila kosa la brashi, na humfaa zaidi rangi zisizong'aa zilizosambazwa kwa uangalifu.

Hakuna rangi hata moja kati ya hizi itakayodumu juu ya kope zenye mafuta. Ukipaka krimu ya uso, subiri mpaka ngozi iinywe, kisha futa kope taratibu kwa karatasi laini, upake praima, yaani krimu ya kutangulia rangi ili ishike, kiasi kidogo sana na kuisambaza hadi karibu na nyusi. Wengi huzidisha praima wakidhani ndiyo itakayoshikilia rangi, kumbe tabaka nene ndilo linaloteleza na kujikusanya mstarini kwenye mkunjo. Rangi za krimu za kijiti ni za haraka na zinapendeza, lakini zisambaze ndani ya sekunde chache kabla hazijakauka, na usipake tabaka la pili juu ya lililokwisha kukauka.

Kuna jambo moja nakuomba ulizingatie kwa upendo. Wanja wa unga usio na maandishi ya viambato usiutumie, hata kama umepewa na mtu unayemwamini, kwa sababu baadhi yake hutengenezwa kwa jiwe la galena, ambalo ni salfaidi ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto wanaopakwa machoni. Kwenye vipodozi vyenye maandishi, tazama alama ya kopo lililofunguliwa: 12M maana yake ni miezi 12 tangu ulipoanza kukitumia. Maskara, kwa kuwa ni ya majimaji, ibadilishe baada ya miezi 3 hivi, na usiitumie tena ile uliyokuwa ukiipaka wakati jicho lilipokuwa likiugua.

Kabla hujanunua chochote, nitajie katika barua yako ijayo rangi ulizo nazo sasa, na zile ambazo maandishi yake hayajafutika uninakilie namba zake za CI pamoja na mpangilio wake, maana kile kilichotangulia katika orodha kwa kawaida ndicho kilicho kingi, ingawa namba za rangi mara nyingi huwekwa mwishoni bila mpangilio huo. Ukiweza, ambatisha na picha ya kope zako ulizopiga karibu na dirisha, moja macho yakiwa yamefumbuliwa na nyingine yakiwa yamefumbwa, bila kipodozi chochote. Nina hakika kwamba ile paleti ya kahawia uliyonieleza kuwa inakaa tu kabatini ina angalau rangi moja inayoweza kufanya kazi ya mkunjo, na ningependa tuitafute hiyo kwanza.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.