Risala ya Kikundi cha Sanaa ya Vioo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Kazi za Wanafunzi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya kikundi cha sanaa ya vioo, tunakushukuru kwa kukubali kutuzindulia dirisha la vioo vya rangi lililowekwa katika ukuta wa mashariki wa maktaba yetu. Dirisha hilo linaonyesha Mlima Kilimanjaro kama tunavyouona asubuhi kutoka uwanja wa michezo, Kibo ikiwa kushoto na Mawenzi kulia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vioo vya rangi tulivyovizoea ni vile vya makanisani, ambavyo sura za watakatifu huchorwa juu yake kwa brashi na kuchomwa katika tanuri. Sisi tumefuata njia ambayo mandhari huchorwa na kioo chenyewe. Njia hiyo ilishamiri Marekani baada ya msanii John La Farge kupata hataza ya kutumia kioo chenye weupe wa maziwa mwaka 1880, naye Louis Comfort Tiffany akaiendeleza katika karakana zake. Kazi iliyotuvutia kuliko zote ni dirisha la Hartwell la mwaka 1917, lililopo sasa katika jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, ambamo mbunifu Agnes Northrop alionyesha Mlima Chocorua wa Marekani na maporomoko ya maji. Humo kioo kimepangwa nyuma ya kioo, na ndiyo maana mlima unaonekana uko mbali kweli.

Katika dirisha letu, Mawenzi haikutusumbua. Kioo hukwaruzwa kwa kigurudumu kidogo kisha huvunjwa kwa kufuata mkwaruzo huo, na kwa kuwa ufa hupenda kunyooka, magenge yale yaliyochongoka yalikatika vizuri. Kibo ndiyo iliyotaka subira. Theluji ya kioo cheupe kitupu ilionekana bapa kama karatasi, hivyo kwenye miteremko yenye kivuli tuliweka kioo cha buluu hafifu nyuma ya kile cheupe. Kila kipande kilizungushiwa utepe wa shaba kabla ya kulehemiwa, na mistari myeusi ya maungio tuliipitisha pale ambapo ardhi yenyewe ina mstari, yaani kwenye makorongo na ukingo wa msitu. Tunakuomba uitazame mistari hiyo kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo ubunifu wa wenzetu unapoonekana zaidi.

Migomba imetokana na chupa za kijani za mvinyo, na udongo umetokana na chupa za kahawia za bia. Chupa hukatwa, kisha hulazwa katika tanuri hadi zilainike na kuwa bapa, kwenye joto linalozidi nyuzi 750 za Selsiasi. Vioo vya asili tofauti vikiyeyushwa pamoja hupasuka vinapopoa, kwa kuwa havisinyai kwa kiwango kimoja. Katika dirisha hili kila kimoja kimetengwa kwa utepe wake wa shaba, kwa hiyo vinakaa pamoja salama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tanuri tunaloazima ni la wafinyanzi, nasi hulisubiri hadi wamalize kazi zao. Kingo za vioo tunazisaga kwa mkono, na tunalehemu katika chumba kisichopitisha hewa ya kutosha, ilhali lehemu yetu ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tunaomba utusaidie kupata kwanza feni ya kuvuta moshi, kisha mashine ya kusagia inayotumia maji ili vumbi la kioo lisiruke, na baadaye tanuri dogo la umeme.

Tunakusudia kutengeneza dirisha la pili litakaloonyesha Maziwa ya Momella na heroe wake, ndege wa rangi ya waridi. Kioo cha waridi kwa kawaida hupata rangi yake kutokana na dhahabu, na bei yake inatushinda. Tunawaomba wazazi na wageni waalikwa watuchangie kioo hicho, na wenye chupa za rangi majumbani wasizitupe, watuletee hapa shuleni.

Tunaomba kuwasilisha.