Barua ya wazi kwa mjomba wangu wa Lupopo: pesa haikuingia mpirani, iliwatoka wengine

Mjomba mpendwa,

Pokea salamu kutoka mtaa wa Kamalondo. Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu neno ulilolisema juzi mbele ya vijana wa ukoo ndilo ninalolisikia kila pembe ya Lubumbashi, kwamba mpira umeuawa na pesa, kwamba Mazembe, timu yangu, ilijinunulia vikombe vyake kwa pesa ya shaba, na kwamba enzi zenu, enzi za Lupopo, timu yako ya watu wa reli, timu zilishindana kwa miguu na moyo peke yake. Vijana walinyamaza kwa heshima, nami pia nilinyamaza. Lakini jambo hili linanikera kwa muda mrefu, na kwa heshima zote naomba leo nikupinge kidogo, kisha nikuunge mkono mahali ambapo hukutaja.

Enzi zenu pesa ilikuwepo, Mjomba. Mazembe, timu unayoiita ya matajiri, ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto kwa ajili ya wanafunzi wao, kisha ikaja kuitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, na kwa jina hilo la matairi ndipo ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Lupopo, iliyozaliwa mwaka huohuo wa 1939, ilikuwa na reli nyuma yake. Wewe mwenyewe umetusimulia mara nyingi jinsi mchezaji hodari alivyopewa kazi relini, nyumba ya kampuni na posho ya unga kila mwezi, na jinsi mkubwa wake wa kazi alivyomruhusu atoke mapema siku za mazoezi. Mshahara ule wa reli ulikuwa mshahara wa mpira, ingawa haukuandikwa hivyo kwenye karatasi. Tofauti ni kwamba pesa ya mpira wakati ule ilikaa katika nyumba nyingi: reli ilikuwa na timu yake, wafanyabiashara walikuwa na yao, na kule Likasi na Kolwezi kampuni ya migodi ilikuwa haiko mbali na uwanja. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumwacha mwenzake mbali sana, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wa kumlisha.

Kisha kampuni zikaanguka. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilikuwa haifikishi hata tani 50,000 kufikia mwaka 1994, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na nchi nzima kuyumba. Reli nayo ikaanza kuwadai wafanyakazi wake subira badala ya kuwalipa mishahara, na hilo sihitaji kukueleza wewe uliyelisubiri. Lupopo ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1990, ikaja kuupata tena ubingwa mwaka 2002, na kati ya miaka hiyo miwili ndimo nyumba zilizolisha mpira wa mkoa wetu wa Katanga zilipofungwa moja baada ya nyingine. Ndiyo maana nasema kwamba pesa haikuvamia mpira wetu. Iliwatoka wengine wote, ikabaki kwa yule aliyebahatika kupata mtu.

Sisi tulimpata mtu. Moïse Katumbi, mfanyabiashara tajiri, alishika uongozi wa Mazembe mwaka 1997, na kuanzia 2007 hadi 2015 alikuwa pia gavana wa Katanga, jambo ambalo kwa maoni yangu si zuri popote duniani, kwa kuwa mwenye mkoa hapaswi kuwa pia mwenye timu moja kati ya timu za mkoa. Lakini siwezi kuyakana matunda yake. Uwanja wa Kamalondo ulifunguliwa mwaka 2011. Waliletwa Rainford Kalaba na Stopila Sunzu kutoka Zambia, akaja Mbwana Samatta kutoka Simba ya Tanzania. Tulichukua ubingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Na mwezi wa Desemba 2010, kule Abu Dhabi, tuliifunga Internacional ya Brazil mabao mawili kwa bila, tukawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya vilabu vya dunia, na kipa wetu Robert Kidiaba akarukaruka ameketi kwenye nyasi dunia nzima ikimtazama. Hata wewe ulishangilia siku ile, nilikuona. Inter Milan walitufunga tatu kwenye fainali, lakini jiji halikulala.

Sasa nakuunga mkono. Kuanzia 2011 hadi 2014 Mazembe ilitwaa ubingwa wa nchi mara nne mfululizo, na katika miaka ile nilianza kutoka uwanjani nikiwa nimeshinda lakini sijaona mechi. Nakumbuka timu moja ya mkoa wa mbali iliyofika kwa basi baada ya safari ya siku nyingi. Kipa wao aliumia kipindi cha pili, na kabla ya kubebwa nje akavua glavu zake, akampa mwenzake aliyekuwa anaingia, kwa sababu timu nzima ilikuwa na jozi moja. Yule kijana akazivaa zikiwa zimelowa, akapiga makofi mawili, akasimama golini mbele ya washambuliaji ambao mshahara wa mmoja wao ungetosha kuiendesha klabu yake. Tulifunga mabao mengi. Mashabiki wenzangu waliimba, na mimi nikajiuliza tumemshinda nani.

Swali hilo ndilo kiini cha barua yangu. Mechi haitengenezwi na timu moja. Hata Mazembe ikiwa na Samatta kumi na mmoja, isipokuwepo timu ya pili hakuna tiketi inayouzwa, hakuna kamera inayowashwa, hakuna bingwa anayetangazwa. Kazi inafanywa na wawili, na mapato yanaingia mfuko mmoja. Hapo ndipo dhuluma ilipo, Mjomba, wala si katika utajiri wenyewe.

Tazama Wazungu, ambao vijana wetu wanawafuata kila wikendi. Hispania iliacha kila klabu iuze peke yake haki zake za televisheni hadi mwaka 2015, na Real Madrid na Barcelona wakawa wanachukua mara kadhaa ya kile kilichopatikana na timu ndogo walizokuwa wanazifunga. Serikali ilipotunga sheria ya kuziuza haki hizo kwa pamoja, nusu ya fungu la ligi kuu ikawa inagawanywa sawasawa kwa wote. Uingereza ilikuwa na mgawanyo wa namna hiyo tangu ligi yao mpya ilipoanza mwaka 1992, na mimi naamini bila fungu lile Leicester isingefika kuwa bingwa mwaka 2016. Ilikuwa na tajiri wake kutoka Thailand, ni kweli, lakini matajiri walikuwa wengi, na chini ya mgawanyo mwingine yeye angebaki tajiri wa timu ya katikati ya jedwali. Ujerumani wana sheria inayowaachia wanachama kura nyingi katika klabu, sheria ninayoipenda, na bado Bayern ilikuwa bingwa mara kumi na moja mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2023, kwa sababu pesa za mashindano ya Ulaya zinamrudia kila mwaka yule aliyekwisha kufika huko. Kwa hiyo nani mmiliki ni swali moja, na nani anagawiwa nini ni swali jingine lililo zito zaidi.

Utaniambia kwamba wameweka kanuni za kubana matumizi. Wameweka. UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, iliamua kwamba klabu isitumie zaidi ya inachopata, na Everton walinyang'anywa pointi msimu wa 2023-2024 kwa kuvuka mipaka ya ligi yao. Manchester City walifungiwa na UEFA miaka miwili mwezi wa Februari 2020, kisha mahakama ya michezo ikaifuta adhabu hiyo mwezi wa Julai na kubakiza faini ya euro milioni 10. Mimi sizichukii kanuni hizi, lakini zichunguze vizuri: ukisema kila mtu atumie kadiri ya mapato yake, na mapato yenyewe hayakugawanywa kwa haki, umemwambia mkubwa abaki mkubwa na mdogo abaki mdogo, tena kwa muhuri wa sheria. Kubana matumizi bila kugawana mapato ni nusu ya haki.

Hapa kwetu hata hiyo nusu hatuna. Msimu wa 2022-2023 ligi yetu ilisimamishwa ikafutwa bila bingwa. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Julai 2025, serikali yetu ilitia saini mkataba na Barcelona ili jina la nchi yetu liandikwe mgongoni mwa jezi zao za mazoezi, na habari zilitaja zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne. Mikataba mingine ilifanywa na AC Milan na Monaco. Najua sababu inayotolewa, kwamba nchi inataka ionekane, na najua pia uchungu wa kuliona wakati ule jina la Rwanda kwenye mikono ya jezi za Arsenal huku Goma na Bukavu zikiwa mikononi mwa waasi ambao serikali yetu inasema wanasaidiwa na Rwanda. Uchungu huo ni wangu pia. Lakini siwezi kukubali kwamba nchi iliyo na pesa ya kuipa Barcelona, klabu ambayo haijawahi kukosa jozi ya glavu, ikose pesa ya basi na kitanda kwa timu zinazosafiri kutoka Kananga kuja Lubumbashi. Fungu kama hilo, likigawanywa sawa kwa vilabu vya ligi, lingerudisha nyumba nyingi zilizofungwa.

Kuna pesa nyingine ambayo ni yetu kwa haki na hatuichukui, na hii ndiyo iliyonifanya nikuandikie wewe badala ya mtu mwingine. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji mwenye mkataba akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei yake hukatwa na kugawiwa vilabu vilivyomlea kuanzia mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una robo ya asilimia moja, na kila msimu kuanzia 16 hadi 23 una nusu asilimia. Piga hesabu: klabu iliyomlea mtoto kwa misimu yote minne ya mwanzo, akija kuuzwa euro milioni 10, inastahili euro 100,000, na atakapouzwa tena inastahili tena. Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, fungu la namna hiyo lilikuwa haki ya vilabu vya Tanzania na ya Mazembe vilevile. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA ina ofisi ya malipo huko Paris inayozipokea pesa hizi kutoka kwa klabu inayonunua na kuzigawa yenyewe, bila klabu ndogo kulazimika kwenda kuziombea.

Lakini ofisi hiyo inamlipa aliyeandikwa. Inasoma rekodi ya usajili wa mchezaji katika shirikisho la nchi yake, msimu kwa msimu, na mahali palipo wazi panabaki bila mwenye kulipwa. Ile timu ya watoto ya mtaa wa Katuba ambayo wewe ni mzee wake ina majina yake yote kwenye daftari moja lenye jalada la bluu, majina mengine yakiwa ya utani tu, bila tarehe ya kuzaliwa, na kocha amelitunza vizuri kuliko vitabu vya shule vya wanawe. Akiibuka mmoja kati ya wale akafika Ubelgiji au Ufaransa, rekodi itaanzia kwenye akademi ya tajiri iliyomchukua akiwa na miaka 16, na Katuba haitaonekana popote.

Kwa hiyo nakuomba, Mjomba, ufanye jambo ambalo mimi shabiki wa Mazembe sitasikilizwa nikilifanya. Mwite kocha na daftari lake. Wazazi walete vyeti vya kuzaliwa, na kwa wasio navyo tuanze safari ya ofisi ya wilaya mapema, kwa sababu unajua inachukua muda gani. Kisha tupeleke maombi ya leseni za wachezaji kwenye entente, chama cha mpira cha mji, kabla msimu haujafunguliwa, tukianza na wale wanaotimiza miaka 12 mwaka huu, maana kwao hakuna msimu uliokwisha kupotea. Karatasi nitazijaza mimi, na picha ndogo nitawapiga hukohuko uwanjani. Sahihi ya mwenyekiti itakuwa yako.