Mwanangu, kabla hujasaini kitu hapo kiwandani

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa Morogoro hatujambo. Habari ya wewe kuchukuliwa kwenye kiwanda cha nguo Ubungo baba yako ameshaitangaza mtaa mzima, na mimi nimeshukuru Mungu. Ila ulivyosema kwenye simu kwamba mnalipwa kwa siku na mkataba "utakuja baadaye", nimeona nikuandikie, maana haya nataka uyasome zaidi ya mara moja.

Udai huo mkataba. Dai kwa heshima, lakini dai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, tangu unapoanza, kazi yako ni ipi, umeanza lini, saa ngapi na kwa ujira gani. Nilipokuwa kwenye kusokota nyuzi, tulikuwa na wanawake wenye mikono mepesi kuliko mimi, mtu anaunga uzi uliokatika mashine ikizunguka, hata haangalii. Walifanya hivyo miaka na miaka, na kila asubuhi walisimama getini kusubiri kuitwa. Kiwanda kilipopunguza watu, wenye barua za ajira tulilipwa kiinua mgongo, siku saba za mshahara kwa kila mwaka tuliofanya kazi, mwisho miaka 10. Wale wa getini waliambiwa kesho msije. Sikulisahau jambo hilo, na sitaki likukute.

Nunua kidaftari. Andika saa ya kuingia na ya kutoka, kila siku. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu, mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na haitakiwi kupita saa 50 katika wiki nne. Tageti ya laini, yaani idadi ya vipande mnavyotakiwa kumaliza, haibadilishi hesabu hiyo, hata supavaiza apige kelele vipi. Na wakianza kukukata NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, usiridhike na kuona makato kwenye karatasi ya mshahara. Nenda ukaulize kama michango inafika.

Sasa kupanda. Najua una haraka. Kwenye laini utapewa kipande kimoja, tuseme mfuko, na utashona mifuko kuanzia asubuhi mpaka jioni, bando baada ya bando. Wengi hubaki kwenye mfuko huohuo kwa sababu wanaufanya vizuri, na supavaiza hana haja ya kuwahamisha. Wewe omba kujifunza kola, kupachika mikono, na ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Siku mtu wa kola akiugua laini husimama, na anayeweza kukaa pale ndiye jina lake huanza kutajwa ofisini. Mashine ikigoma, wenzako watatumia nafasi hiyo kupiga stori; wewe simama karibu na fundi, uone anavyolegeza na kupanga sindano, umuulize. Ufundi mitambo bado umejaa wanaume, ila hakuna kinachomzuia msichana. Kisha nenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Ujuzi usio na karatasi unaishia kwenye geti la kiwanda hicho hicho; ukihamia kingine unaanza na mfuko tena.

Kuna na njia nyingine ya kupandishwa utakayoonyeshwa mapema, kwa vile wewe ni binti. Rushwa ya ngono ni kosa, imo kwenye sheria ya rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapokea taarifa. Ukiwekewa sharti hilo, siku hiyohiyo mwambie mwenzako unayemwamini, andika tarehe na maneno yaliyotamkwa, halafu nipigie. Hata iwe usiku wa manane. Hutasikia lawama kutoka kwangu.

Usiondoe kinga ya sindano ili uwahi tageti. Vaa maski, hasa ukipelekwa kwenye kukata vitambaa. Kule kwetu kwenye pamba, mtu alipumzika Jumapili, Jumatatu anarudi kazini kifua kinambana, tukidhani ni baridi. Kumbe ni vumbi la pamba lililokuwa linamla mapafu. Ukiumia hata kidogo, hakikisha imeandikwa kwenye kitabu siku ileile, kwa sababu fidia ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, inaanzia kwenye taarifa. Mfuko huo huchangiwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo ukiona umekatwa kwa jina hilo, uliza.

Ulizia pia kama TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara, wana tawi hapo. Mtu mmoja akidai mkataba huonekana mkorofi. Mkienda wengi na kiongozi wa tawi, mtasikilizwa.

Wakikupa mkataba, usisaini palepale. Upige picha kurasa zote unitumie, niusome na kaka yako jioni. Nauli ya kuja Idd nitakutumia, usikope kwa mtu.

Mama yako